Kura huamuliwa kabla ya kampeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu dhana kwamba mpiga kura huchagua chama baada ya kusoma ilani na kupima sera moja moja. Mwaka 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwahoji wapiga kura wa jimbo la Ohio, Marekani, mara kadhaa tangu Mei hadi Novemba, wakagundua kwamba wengi walikwisha kuamua kabla kampeni hazijapamba moto, na kwamba maneno ya jamaa na marafiki yaliwagusa kuliko ya redio na magazeti.

Sioni kama tumebadilika sana. Mimi mwenyewe nilirithi chama cha baba yangu kama nilivyorithi jina lake, na nilipopiga kura kwa mara ya kwanza niliitafuta alama ya chama hicho kwenye karatasi bila hata kusoma jina la mgombea; ilani nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye, tena kwa kutafuta hoja za kumshinda jirani katika ubishi. Wapo, bila shaka, wanaoiadhibu serikali kwa kupanda kwa bei, na wanaokipa kura chama wasichokipenda ili tu kuzuia kingine.

Kwa hiyo, badala ya kutuchapia ilani wiki ya mwisho, gazeti lako lingetufaa zaidi kwa kutuonyesha mapema jinsi wabunge wa kila chama walivyopiga kura kuhusu kodi na bajeti.

Wako,
Msomaji