Wanangu mlioko Marekani, ile fomu ya mnufaika mliijaza lini?

Wanangu,

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu. Kama kawaida, kundi la WhatsApp likafunguliwa na michango ikapita, huku marehemu ana akiba ya miaka ishirini ya zamu za usiku. Baada ya arobaini mkewe akaja kwangu na wosia mkononi, umesainiwa na mashahidi wapo: mali yote ni ya mke wangu. Nikamwuliza, "Shemeji, na fomu ya mnufaika?" Akanitazama tu. Ndiyo ile ya kwenye akaunti ya akiba ya uzeeni, unayoandika nani apewe pesa ukifa.

Ile IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni ambayo mtu hujifungulia mwenyewe, marehemu aliifungua akiwa kapera, akamwandika kaka yake. Alipooa hakuigusa. Alipoacha kazi, akahamishia humo pesa zote za 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, na hapo ndipo alipomponza mkewe. Kwenye 401(k), sheria ya taifa humpa mke au mume haki hata kama hakuandikwa, isipokuwa aridhie mwenyewe kwa maandishi kuiacha. Pesa zikishaingia IRA, kinga hiyo haizifuati. Na wosia haufui dafu mbele ya fomu. Kaka mtu yuko nyumbani, hapokei simu. Naye hapati zote: kwa kuwa si mkazi wa Marekani, kwa kawaida asilimia 30 hukatwa kwanza.

Msiniambie mahakama itaona huruma. William Kennedy, mfanyakazi wa kampuni ya DuPont, aliachana na mkewe mwaka 1994, na mama yule akakubali kwenye hati ya talaka kutodai chochote. Fomu ya akiba yake ya kazini haikubadilishwa. Bwana alipofariki mwaka 2001, zaidi ya dola 400,000 zikaenda kwa mtalaka, si kwa binti. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kampuni ilifanya sawa kufuata fomu. Majaji wote, hakuna aliyepinga!

Mengine nayataja tu. Andika na mnufaika wa pili. Mtoto mdogo usimwandike jina tupu, maana hatakabidhiwa pesa. Weka utaratibu wa msimamizi. Mjane aliyeandikwa kwenye fomu anaweza kuihamishia akiba kwenye akaunti yake. Watoto wakubwa, kwa waliofiwa tangu 2020, wengi wana miaka 10 tu ya kuimaliza, na kila dola ya akaunti ya kawaida inaongezwa kwenye kipato chao na kutozwa kodi. Akaunti ya aina ya Roth, kodi yake umeshalipa wewe kabla ya kuweka pesa, kwa hiyo mwanao mwenye mshahara mnono mwachie hiyo. Wazee wenzangu, tukifika miaka 73 ni lazima tuanze kutoa pesa kwenye akaunti ya kawaida. Ukipitiwa, faini yaweza kufika robo ya kiasi ulichopaswa kutoa.

Najua kinachowazuia. Kutaja kifo mnaona uchuro. Na nyie wanaume, mnamficha mke hadi nywila ya akaunti, eti atajua mnatuma kiasi gani nyumbani. Tumelelewa hivyo, nami simo nje. Tunajua kuchangia jeneza kuliko kumwuliza mtu aliye hai amemwandika nani.

Jumamosi niliifungua akaunti yangu mwenyewe. Mnufaika: mama yangu mzazi, aliyetangulia mbele ya haki zamani. Mama watoto alikuwa amekaa pembeni yangu, akasoma, hakusema neno. Tumeibadilisha siku ileile.