Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanasaikolojia wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, waheshimiwa wajumbe wa kamati, salaam.

Naanza na yale mnayoyajua. Mwaka huu tumefanya vikao 4 kwa Zoom, tumepokea wanachama wapya 7, tumewafariji wenzetu 3 waliofiwa, na wanafunzi 5 wa uzamivu tumewasaidia kusahihisha barua zao za maombi. Mihtasari ya vikao Katibu alishaituma. Sitairudia.

Jambo linalosubiriwa na wengi ni zile dola 6,500.

Mwezi wa tatu kamati iliidhinisha kiasi hicho kwa mwenzetu aliyepata nafasi ya mafunzo ya baada ya uzamivu katika kliniki ya watoto huko California, upande wa wasiwasi na upungufu wa umakini. Fedha hizo zilikwenda kwenye nauli ya kuhamia, kodi ya miezi ya mwanzo na ada ya mafunzo. Kesho yake kundi letu la WhatsApp lilichafuka. Ikaandikwa kwamba fedha za wengi zimepewa mtu mmoja, kwamba kamati haikuwa na mamlaka, na kwamba mwenyekiti amempa mtu wake.

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu limeniuma. Mimi ni mtu wa Tanga. Yeye anatoka Bukavu, na mara ya kwanza kumwona ni ndani ya chama hiki. Sina undugu naye wala biashara naye.

Kuhusu mamlaka: tuko wanachama 64 na akidi yetu ni 22. Niliitisha kikao mwezi wa pili, wakaja 11. Nikaitisha cha pili baada ya wiki moja, nikampigia simu mtu mmoja mmoja, jioni tatu mfululizo baada ya kazi. Wakaja 9. Katiba inasema vikao viwili vikikosa akidi kamati inaamua, na kliniki ilitaka jibu ndani ya siku chache. Kwa hiyo tuliamua. Kati ya waliolalamika kwa ukali, 6 hawakuhudhuria kikao hata kimoja kwa mwaka mzima. Nasema haya kwa heshima, lakini nayasema.

Sasa, kwa nini mtu mmoja? Lilitolewa pendekezo la kugawa fedha kwa waombaji wanne, dola 1,625 kila mmoja. Wenzangu, fedha hiyo haimhamishi mtu jimbo. Mnajua njia ilivyo: mtu anamaliza uzamivu, anamaliza mwaka wa mafunzo kazini, na bado katika majimbo mengi hapewi leseni ya mwanasaikolojia. California inataka saa 3,000 chini ya msimamizi, na angalau 1,500 kati yake ziwe za baada ya uzamivu, kisha mtihani. Kipindi hicho malipo ni kidogo, na hapo ndipo tunapowapoteza watu wetu. Wapo miongoni mwetu wenye uzamivu ambao leo wanafanya kazi nyingine kabisa kwa sababu mwaka ule mmoja uliwashinda.

Na kwa nini watoto, tena wasiwasi na umakini? Kwa sababu ndiko tunakokosewa zaidi. Mtoto mwenye wasiwasi hasikii mwalimu anasema nini, kichwa chake kiko kwa mama aliyemwacha nyumbani. Anahangaika kwenye kiti, hamalizi kazi, na kwa mbali anafanana kabisa na mtoto mwenye ADHD, yaani huo upungufu wa umakini. Mwingine haongei shuleni hata neno moja kwa hofu, ilhali nyumbani anapiga soga mpaka usiku, na shule inahitimisha kwamba hajui Kiingereza. Mzazi naye anasema ana aibu tu, atakua. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma mtoto, Jumamosi haliumi. Kutenganisha haya kunahitaji mtu aliyefundishwa hasa na anayemwelewa mama anapoeleza kwa lugha yake. Ili iitwe ADHD, mtoto aliye chini ya miaka 17 awe na dalili angalau 6 kati ya 9 za kundi moja (la kukosa umakini, au la kuhangaika na kutenda bila kufikiri), zilizoanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya mahali pamoja. Tulipotafsiri dodoso la wazazi kuhusu dalili hizo, kamati ndogo ilibishana wiki mbili juu ya "wakati mwingine" na "mara nyingi". Si ubishi wa bure: jibu la kwanza halihesabiwi kuwa dalili, la pili linahesabiwa.

Mnisikilize pia kuhusu mkalimani, maana kuna aliyeandika kwamba mkalimani angetosha. Chukueni tiba ya mzazi na mtoto, ile iliyoanzishwa na Sheila Eyberg miaka ya 1970. Mama anacheza na mwanawe chumbani, mtaalamu yuko nyuma ya kioo na anamwelekeza kupitia kifaa cha sikioni. Mtoto akikaa tu, mama aseme papo hapo, "Nimefurahi umekaa vizuri kwenye kiti." Maneno yakipitia kwa mkalimani, mtoto ameshasimama, na sifa imeangukia kosa. Mwenzetu amefanya mafunzo ya saa 40 ya tiba hiyo, na anaifanya kwa Kiswahili.

Wanaosema dawa zinatosha nawakumbusha utafiti wa Marekani wa 2008, watoto na vijana 488 wenye wasiwasi, miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, kati ya waliopata dawa pekee, asilimia 54.9 walipata nafuu kubwa, kati ya waliopata tiba ya fikra na tabia pekee 59.7, na kati ya waliopata vyote viwili 80.7. Tiba hiyo inamfundisha mtoto kuikaribia hofu yake ngazi kwa ngazi. Nani atawashika mkono watoto wetu katika ngazi hizo?

Nakiri jambo hili liko karibu na moyo wangu. Mwanangu wa pili aliitwa mvivu darasani kwa miaka miwili, kumbe alikuwa anaogopa. Kama huo ni upendeleo, basi ninao.

Mpaka sasa mwenzetu amekamilisha saa 1,120, na familia 9 zinazozungumza Kiswahili zinahudumiwa. Baadhi yenu mmeomba majina na maelezo ya familia hizo ili mhakikishe. Sitayatoa, na hata mimi sijayaomba. Ni siri za wagonjwa, na sisi ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Hesabu: tulianza mwaka na dola 11,240. Ada ni dola 120. Waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu 14, wasiolipa chochote 27. Zimeingia 3,600 badala ya 7,680. Zimetoka 6,500 hizo na 1,310 za shughuli nyingine, zimebaki 7,030. Barua 14 za kumwombea mwenzetu nafasi niliziandika mimi, na gharama zake sikudai. Yeyote anayesema chama hakimfanyii kitu aangalie kwanza yuko kundi lipi kati ya hayo matatu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kumpata mwingine wa kumsaidia, na kuanzisha darasa la wazazi kwa Kiswahili hali ikiruhusu. Tunatumaini pia mwenzetu atafundisha wanaomfuata. Mkataba wa kumfunga hatukuandikiana, ila neno lake ninalo.

Malimbikizo yapelekwe kwa Mhazini kabla ya tarehe 31 Machi. Kikao kijacho nitasoma majina ya waliolipa. Ya wasiolipa sitayasoma mwaka huu.

Ahsanteni.

Mwenyekiti