Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani Mbili kwa Siku

Ndugu wanachama wa chama chetu cha bustani,

Taarifa hii inatangulia mkutano mkuu ili kila mmoja aje akiwa ameisoma. Kuna jambo moja linalohitaji uamuzi wenu, nalo ni safari ya mashambani ya kutembelea bustani za umma na za watu binafsi. Tukianza kulijadili bila maandalizi, tutakaa hapo hadi jioni na hatutaafikiana.

Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Ada zimelipwa na wengi, na wachache wanaojijua wamwone Mama Mweka Hazina kabla ya kupiga kura. Hesabu zimekaguliwa, naye ataziwasilisha mwenyewe, mstari kwa mstari kama apendavyo. Kupeana miche kila mwezi kumeendelea, ingawa tunaletewa mishubiri mingi kuliko vyungu tulivyo navyo. Mwaka huu naomba mtu akumbuke mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda na mitoo. Bustani ni ya macho, lakini ni ya sufuria pia.

Sasa safari. Mapendekezo yaliyomfikia Katibu yalitaja Kericho, Kisumu, Maseno, Msitu wa Kakamega, Kitale, Saiwa na Eldoret, na karibu kila aliyejaza fomu aliongeza bustani ya shangazi yake. Yote yalipopangwa kwenye ramani, ilitoka ratiba ya bustani tano kwa siku. Ratiba ya namna hiyo inamfanya mtu azione bustani kupitia dirisha la basi. Kamati inapendekeza bustani mbili kwa siku, si zaidi, na zote mbili ziwe zimekwisha kabla ya saa nane mchana.

Hiyo saa nane ina sababu yake. Jua likipanda, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvutwa kuelekea nyanda za juu. Ikifika Kericho na Nandi hupanda, hupoa, kisha humwagika alasiri. Ndiyo inayolisha chai ya huko, na ndiyo inayoleta mvua ya mawe ambayo wakulima wa Kericho na Nandi wanaijua vizuri kuliko sisi. Kakamega nako ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Kwa hiyo asubuhi ni ya kutembea na alasiri ni ya barabara. Mvua ikinyesha tukiwa ndani ya basi hatujapoteza kitu, lakini ikitukuta katikati ya shamba la mwenyeji, wazee wetu wakiwa na viatu vya kanisani, siku hiyo imekwisha.

Kuhusu majira, wengi mliandika kwenye fomu "safari ya kiangazi". Wazo ni zuri, ila kiangazi kipi? Baadhi yenu mlitaja Agosti kwa kuwa shule zimefungwa. Agosti upande wa Kitale na Bungoma bado ni mvua, na barabara za murram zinazoingia mashambani huwa tope tupu. Zaidi ya hapo, Agosti ya 2026 ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, ambao hufanya sherehe hizo katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Familia ambazo tungezitembelea zitakuwa na wageni wao na ng'ombe wao wa kuchinja. Hatuwezi kubisha hodi wakati huo tukiuliza habari za mawaridi.

Januari na Februari barabara ni kavu, lakini bustani nazo ni kavu. Nilipowauliza wenyeji wetu watarajiwa, jibu lilikuwa moja: hakuna anayetaka kuonyesha bustani yake ikiwa imenyauka. Hata Nakuru yetu Februari si ya kuionyesha kwa mgeni. Nusu ya pili ya Desemba pia haifai, kwa sababu wakati huo nchi nzima inarudi nyumbani magharibi, nauli zinapanda na vyumba vinajaa.

Imebaki wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua za vuli zinaelekea kukatika, mimea ingali imenawiri, mitihani ya kidato cha nne imekwisha hivyo walimu wetu wako huru, na msongamano wa Krismasi haujaanza. Hicho ndicho kiangazi tunachopendekeza: mwanzo wake, kabla hakijauma.

Mwezi Septemba tulifanya ziara ya siku moja Njoro ili kujipima. Kasri la Lord Egerton mnalijua wote. Alianza kulijenga 1938 na likakamilika 1954, na wanachama wengi wamelipigia picha za harusi. Wachache wanajua kwamba Maurice Egerton alitoka katika familia ya Tatton Park kule Cheshire, Uingereza, penye bustani zinazotembelewa na watu wengi hadi leo, ikiwemo ile ya Kijapani. Pale Njoro tulitembea chini ya miti, tukamaliza muda tuliopanga kwa bustani ya pili kabla hatujaifikia, na hakuna aliyelalamika. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu tosha kwa wanaodhani bustani mbili ni chache.

Kwa kuwa tumeitaja Uingereza, kuna utaratibu wa huko ambao kamati imeuazima. Mwaka 1927 wenye bustani 609 za binafsi walifungua malango yao kwa umma, kila mgeni akatoa shilingi moja, na fedha zikaenda kwa wauguzi wanaowahudumia wagonjwa majumbani. Mpango huo ungalipo. Umuhimu wake kwetu ni huu: mwenye bustani hakulipwa, hivyo hakuna aliyemwona kama mfanyabiashara, na mgeni hakuingia bure, hivyo hakuna aliyejisikia ombaomba. Tunapendekeza kila bustani ya binafsi tutakayoingia, mwenyeji ataje zahanati au shule iliyo karibu naye, na mchango wetu uende huko kwa jina lake. Wenyeji tuliozungumza nao walilipokea wazo hili vizuri kuliko nilivyotarajia. Mmoja alikuwa amekataa katakata kupokea fedha, lakini aliposikia habari ya zahanati alianza kutupangia ni lango lipi tuingilie.

Njia yenyewe ni hii. Siku ya kwanza tunaondoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya mwendo wa saa mbili na kitu, kupitia Mau Summit, tuko Kericho. Tunaanza na bustani ya miti ya Chagaik, iliyoanzishwa na mkulima wa chai Tom Grumbley miaka ya 1940, ikishuka hadi kwenye bwawa. Imo ndani ya mashamba ya chai, kwa hiyo ruhusa inaombwa mapema na kwa barua, Katibu ameanza. Kisha bustani ya nyumbani ya jamaa wa mwanachama mwenzetu, ambaye amepanda okidi kwenye matawi ya miti ya kivuli. Alasiri tunateremka kupitia Awasi na Kisumu, tunapanda tena Vihiga na kulala Kakamega.

Siku ya pili ndiyo kiini cha safari. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho upande wetu wa Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo. Kaskazini, lango la Buyangu liko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kusini, Isecheno iko chini ya KFS, shirika la misitu. Tumechagua Isecheno, kwa sababu huko ndiko kuliko na Rondo, nyumba ya zamani ya mbao iliyozungukwa na bustani ambayo ukingo wake ni msitu wenyewe. Nimeona bustani nyingi zilizopendeza, lakini chache zinazokuonyesha mahali pamoja kilichopandwa na mtu na kile kilichokuwepo kabla yake. Nyasi zimekatwa fupi, kuna maua ya rangi zote, na hatua chache mbele ni miti ambayo mtu haoni kilele chake. Waulizeni waongozaji wawaonyeshe muiri, yaani Prunus africana. Magome yake hutengenezwa dawa ya tezi dume, na kwa jinsi yalivyobanduliwa kwa pupa, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995. Wazee wetu wa kiume watasimama mbele ya huo mti kwa heshima, nadhani.

Tukipita mjini Kakamega tutanyoosha miguu Muliro Gardens, dakika chache tu. Ni bustani ya umma ya watu kupumzika mchana, na ingefaa wanakamati wetu wanaoshughulika na bustani za mji wa Nakuru waone mji mwingine unavyoitumia nafasi yake. Halafu tunaelekea Webuye hadi Kitale.

Siku ya tatu asubuhi tuko kwenye makavazi ya Kitale. Yalianza 1926 kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, na yakawa makavazi ya taifa 1974. Nyuma ya majengo kuna njia ya kutembea ndani ya msitu wa kando ya mto. Bustani ya pili ni ya mama mmoja wa Trans Nzoia ambaye, tulipompigia simu, alisema kwake hakuna bustani, "ni maua tu". Tulioiona tunajua ukweli. Kutoka hapo ni Eldoret, Timboroa na nyumbani.

Najua wanachama wenye asili ya Kisumu hawatafurahi kuona mji wao tunaupita tu. Bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Maseno na viwanja vya makavazi ya Kisumu, pamoja na lile boma la Kiluo, vinastahili safari yao wenyewe, na napendekeza iwe ya mwaka unaofuata. Saiwa nayo tumeiacha. Kikundi chetu cha watazama ndege kimeshanieleza mara nyingi kuhusu nzohe, yule swala wa kinamasi, lakini nzohe haoti maua.

Sasa wenyeji. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone haikumfikiria mgeni anayekuja na basi zima. Kule tunakokwenda, mgeni haondoki bila kula, na kuku wa kienyeji atachinjwa hata kama ulisema umeshiba. Kukataa chakula ni kumvunjia mwenyeji heshima, na kukubali ni kumtia hasara na kuiua ratiba. Njia pekee ni kuzungumza mapema. Kamati imewaomba wenyeji watupe chai tu, na majani, sukari na maziwa tunatuma sisi siku moja kabla. Makamu wangu anasema haitasaidia, kuku watakuwepo. Tutaona.

Tutaingia kwa makundi mawili: moja likizunguka na mwenye bustani, jingine likinywa chai, kisha tubadilishane. Njia za bustani za nyumbani hazikutengenezwa kwa umati, na Njoro tuliona vitalu vilivyokanyagwa pembeni. Watoto wanakaribishwa, ila kila mtoto na mzazi wake.

Vipandikizi havikatwi bila kuomba, hata kama ni tawi la kijiranyasi lililoinama njiani. Ndani ya msitu hakichumwi kitu chochote, hata mbegu iliyoanguka chini. Kila mmoja abebe mche mmoja kutoka Nakuru wa kumwachia mwenyeji, na ajue jina lake. Mkipewa miche, kumbukeni kwamba Kakamega iko chini kuliko Nakuru kwa zaidi ya mita 200 na usiku wake ni wa joto. Helikonia iliyokuwa inacheka huko inaweza kuinama kwetu mwezi Julai.

Marufuku moja haina mjadala: mmea wowote wa majini hauingii ndani ya basi. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likapendwa kwa maua yake ya zambarau kwenye vidimbwi vya watu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limekuwa likifunga fuo za Ziwa Victoria na kuwazuia wavuvi kutoa mitumbwi. Nakuru ina ziwa, na Naivasha nayo inalijua gugu hilo vya kutosha. Lantana, ingawa si ya majini, nayo ni gugu lenye maua mazuri; pia ibaki ilipo.

Usafiri ni basi dogo la viti 33, pamoja na dereva tuliyekwenda naye Njoro, ambaye hakimbii na anajua kunyamaza. Viingilio vya makavazi tutavilipa kwa pamoja kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kuondoka, kwa hiyo majina yafike mapema, pamoja na nambari za vitambulisho. Gharama kwa kila mtu itategemea idadi, na Mama Mweka Hazina atawasomea makadirio mawili, basi likijaa na lisipojaa.

Mkutanoni nitaomba kura kwa mambo matatu: wiki ya kwanza ya Desemba, bustani mbili kwa siku, na mchango wa zahanati. Mengine kamati itayamaliza. Malipo ya kwanza ni nusu ya gharama, mwisho ni tarehe 31 Oktoba, na yasiyofika siku hiyo nafasi yake inapewa anayefuata kwenye orodha, hata akiwa ni mke wa Mwenyekiti. Anayehitaji kiti cha mbele kwa sababu ya kichefuchefu cha barabara ya Kericho amwambie Katibu faraghani. Viti hivyo ni viwili, na maombi tayari ni manne.

Mwenyekiti,
Nakuru