Mifano ya magari ya spoti iandikwe namba ya chesisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na watengenezaji wa mifano midogo ya magari, pamoja na wakusanyaji wenzangu, kuhusu jambo linalonikera kwa muda mrefu. Mifano ya magari ya spoti ambayo bodi zake ziliundwa kwa mkono inauzwa kwa bei kubwa bila kutajwa ni gari lipi hasa lililoigwa.

Kwa magari yanayotoka kiwandani kwa maelfu, kasoro hiyo haina uzito, kwa kuwa ukiliona moja umeyaona yote. Magari ya mafundi wa bodi hayako hivyo. Chukua Aston Martin DB4 GT Zagato, lililoonyeshwa hadharani London mwaka 1960. Chesisi, yaani fremu za magari hayo, zilitoka Uingereza zikapelekwa Milan, Italia, ambako mafundi wa Zagato, karakana ya kuunda bodi za magari, walizivalisha bodi nyepesi za alumini kwa mchoro wa Ercole Spada, wakati huo kijana wa miaka 20 na ushee. Yalitengenezwa magari 19 tu katika toleo hilo la kwanza, na kwa kuwa bodi zilifinyangwa kwa mkono, tofauti hazikukosekana: mengine yana bampa, mengine hayana, na hata sura ya mbele haifanani katika yote.

Mojawapo ya hayo 19, lenye namba ya usajili 2 VEV, linaonyesha ugumu wa suala hili kuliko jingine lolote. Lilishiriki mbio za Saa 24 za Le Mans mwaka 1961, likapata ajali katika mbio nyingine mwaka 1962, na lilipojengwa upya lilitoka na umbo ambalo si lile la awali. Kwa hiyo hata kuandika “2 VEV” kwenye kisanduku hakutoshi, maana mnunuzi hawezi kujua kama anachokitazama ni gari la kabla ya ajali au la baada yake.

Wapo watakaosema kwamba tofauti hizo ni ndogo mno kwa kitu kinachokaa kiganjani. Sikubaliani nao. Katika kipimo cha 1:18, paa likizidi kwa milimita 1, ni sawa na milimita 18 kwenye gari lenyewe, na jicho lililozoea mstari ule unaoshuka kutoka paani hadi nyuma litaling’amua kosa hilo mara moja. Isitoshe, watengenezaji hawahawa wanajua kujali. Nimewahi kufungua boneti ya mfano wa gari hili nikakuta injini ya silinda 6 imewekewa plagi 2 kwa kila silinda, kama ilivyo kwenye gari halisi, na nyaya zote 12 za plagi zimepitishwa kila moja mahali pake, nyembamba kama nywele, na kando yake zimepangwa kabureta 3. Fundi aliyefanya kazi hiyo anastahili heshima kubwa. Inasikitisha, basi, kwamba kazi ya namna hiyo iwekwe ndani ya bodi iliyochanganya taa za gari moja, boneti ya jingine na rangi ya la tatu, ikawa mfano wa gari ambalo halijawahi kuwapo duniani.

Ninachoomba si kigumu wala hakiongezi gharama ya maana. Chini ya kila mfano, pale kinapoandikwa kipimo, ichapwe namba ya chesisi ya gari lililopimwa na mwaka ambao gari hilo lilikuwa katika hali iliyoigwa. Ikiwa gari lililopimwa limekwisha kukarabatiwa, kama yalivyo mengi ya umri huo, nalo lielezwe katika karatasi inayoambatana na mfano. Nasi wanunuzi tuanze kuuliza maswali hayo kabla ya kulipa.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa mifano ya magari