Begi la mlimani ndani ya ndege

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima na maandalizi yanakwenda vizuri. Mimi sijambo, nina furaha tele tangu niliposoma kwamba tiketi umeshaipata. Nia ya barua hii ni kujibu swali uliloniuliza mwishoni mwa barua yako: je, begi la kupandia mlima unaweza kulikabidhi uwanja wa ndege hivi hivi, kama sanduku? Uliliuliza kwa mstari mmoja tu, lakini mimi jambo hili nalitilia maanani, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Usilikabidhi hivi hivi. Sanduku limetengenezwa likijua litaburuzwa na kurushwa. Begi la mlimani limetengenezwa likae mgongoni mwa mtu, na likitoka mgongoni linabaki na mikanda inayoning'inia kila upande. Mikanda hiyo ndiyo inayoliponza. Wengi huogopa wezi, au huhofia kitambaa kitachanika, lakini kitambaa cha begi zuri ni kigumu na huvumilia mengi. Kinachotangulia kuharibika ni mikanda na klipu zake za plastiki. Mzigo ukishapita kaunta, unachukuliwa na mitambo: mipira mipana inayotembea ikibeba mizigo, rola, kona, sehemu ambapo mzigo unasukumwa pembeni uelekee ndege yake, na sehemu ambapo unateremka kwa kishindo kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ncha ya mkanda ikipenya kwenye mwanya kati ya mpira na chuma, mtambo unaendelea kuvuta. Hapo ama mkanda utang'oka kwenye mshono, ama klipu itapasuka.

Ulio hatarini zaidi ni mkanda wa kiunoni, maana ndio mpana na mrefu kuliko yote, na klipu yake ndiyo kubwa. Nao ndio mkanda ambao huwezi kufanya safari bila huo. Begi likifungwa sawasawa, sehemu kubwa ya uzito inakaa kwenye nyonga, mabega yanabaki na kazi ya kulisawazisha tu. Klipu hiyo ikivunjika jino moja, uzito wote unahamia mabegani, na huko juu hakuna wa kukuuzia nyingine. Kwa sababu hiyo nakuomba ubebe klipu moja ya akiba ya upana uleule. Zipo za aina inayofungwa bila kushona, na hazichukui nafasi.

Usiku wa kuamkia safari, ukishamaliza kupanga vitu, lilaze begi ili upande wa mgongoni, wenye mikanda ya mabega, uangalie juu. Kaza mikanda ya mabega mpaka ilale bapa, kisha funga na ule mdogo wa kifuani. Shika pande mbili za mkanda wa kiunoni, uzizungushe kinyume na kawaida ili zilikumbatie begi lenyewe, uzifunge upande wa pili na kukaza. Kama begi limejaa mno na hazifikiani, zikunje na kuzibana chini ya mikanda ya pembeni. Halafu kunja ncha zote zilizobaki na uzifunge kwa utepe wa gundi. Usizikate, utazihitaji. Mwisho pitisha kiganja chako begi zima, juu, chini na pembeni, kusiwe na kitu kinachoweza kuingiza hata kidole.

Hapo bado halijawa tayari. Linataka nguo ya juu. Bora kuliko vyote ni mfuko mkubwa wa kitambaa kigumu wenye zipu, unaolimeza begi lote. Ukifika unaukunja, unauacha mahali utakapolala kabla ya kupanda, unauchukua ukirudi. Plastiki ya kuzungushia, ile ya uwanjani, inabana mikanda vizuri, ila wakaguzi wakitaka kuona ndani wanaikata, na kuanzia hapo begi linasafiri wazi. Kifuniko cha mvua ndicho ambacho watu wengi hukitegemea, nami sikipendekezi kabisa kwa kazi hii. Ni chepesi, kinafunika mbele na kuuacha mgongo wazi, yaani pale pale penye mikanda. Kitunze kwa ajili ya mvua.

Ukifika kaunta, uliza pia kama begi linaweza kupelekwa kwenye sehemu ya mizigo yenye umbo lisilo la kawaida. Viwanja vingi vina sehemu hiyo, na wahudumu wenyewe wakiona mikanda mara nyingi huelekeza huko.

Ndani nako kuna mambo. Lijaze begi vizuri lisiwe na uwazi, kwa sababu vyuma vyepesi vya mgongoni vinapinda kwa urahisi begi linapokuwa tupu nusu. Vitu vigumu viweke katikati, nguo na mfuko wa kulalia vizunguke. Fimbo za kutembelea zifupishe, zifunike ncha, zilale ndani, zisifungwe pembeni kwa nje. Kila kitu kitangulie kuingia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki ulioutandika ndani ya begi, maana mizigo husubiri nje kwenye matoroli hata mvua inaponyesha. Toa lebo za safari za zamani, kwa kuwa mashine husoma msimbopau, ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye lebo, na hizo za zamani huweza kuipoteza. Lebo mpya ifungwe kwenye mshikio wa juu wa ule mfuko wa nje. Karatasi yenye jina na namba yako ya simu iweke juu kabisa ndani ya begi.

Kuhusu jiko, kikopo cha gesi hakipandi ndege, si chini kwenye mizigo wala juu pamoja nawe. Utanunua ukifika. Jiko lenyewe lioshe lisibaki na harufu, na kama ni la mafuta ya maji waulize shirika la ndege mapema, maana mashirika mengine hulikataa hata likiwa safi. Pawabenki na betri za akiba zikae nawe kwenye kiti, zisishuke chini. Hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) hazihitaji ruhusa ya shirika. Kisu, vigingi vya hema na fimbo vyote vishuke chini. Viatu vya mlimani vaa mguuni. Begi likichelewa, hema unaweza kuazima, lakini viatu vilivyouzoea mguu wako havipatikani kwa mtu. Dawa na koti la baridi navyo usivitenganishe nawe.

Begi likitokea, lifungue mfuko wa nje ulikague kabla hujatoka ukumbini. Ukiona kuna kilichovunjika, nenda kwenye dawati la mizigo ukaandikishe, na kile kijikaratasi chenye namba ya mzigo usikitupe. Kwa safari nyingi za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu kupokea begi kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu, na siku 21 kama lilichelewa. Kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519 tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Shirika la ndege haliwajibiki kwa kiasi ambacho uharibifu umetokana na kasoro ya begi lenyewe, na hapo ndipo ubishi huanzia. Kwa hiyo lipige begi picha kabla ya kulifunika, klipu ya kiunoni ionekane vizuri ikiwa nzima.

Mfuko wangu mkubwa upo kabatini na mwezi huu siuhitaji. Lipime begi lako likiwa limejaa, urefu, upana na unene, uniandikie upesi. Likienea humo nitakutumia, uupate kabla hujaondoka.

Ni mimi rafiki yako