Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Mheshimiwa Mlezi, wajumbe wa kamati, wazee wetu, ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika kwenye mkutano wa chama chetu cha matembezi na kambi, cha Watanzania na Wakenya tulio huku Marekani. Mwaliko ulitumwa mapema, ukarudiwa kwenye grupu, na bado akidi imetimia baada ya kuwahesabu vijana waliokuja kupanga viti. Nitarudi kwenye hilo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Semina ya kupe ilifanyika Aprili hapa hapa Silver Spring, Maryland, na muuguzi wetu alieleza vizuri ugonjwa wa Lyme na namna ya kumng'oa kupe kwa kibanio bila kumkamua. Matembezi ya Jumamosi yaliendelea. Watoto walifundishwa kusimamisha hema na kutotupa mabaki ya chakula ovyo kwa sababu ya dubu. Futari ilifana. Oktoba tulipiga kambi Shenandoah, hifadhi ya taifa iliyoko Virginia.

Fedha: wanachama walioandikishwa ni 74, ada ni dola 60, waliolipa yote ni 29, waliolipa nusu ni 11, makusanyo dola 2,070, matumizi dola 2,415. Pengo la dola 345 nimeliziba kwa mfuko wangu, na mweka hazina anazo risiti. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa kuwa kuna watu 34 ambao hawajatoa hata senti moja, na kati yao wamo wanaoandika aya ndefu kuliko zote kwenye grupu kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama.

Sasa niingie kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo, yaani uamuzi wangu wa Julai wa kuvunja kambi jioni ile ile tuliyofika.

Yamesemwa mengi. Kwamba mwenyekiti ni mwoga. Kwamba amewatimua watu kambini kama kuku. Kwamba dola 480 za chama zimepotea kwa hisia za mtu mmoja. Wengi wa walioandika hayo hawakuwepo, kwa hiyo naomba niwaeleze ilivyokuwa.

Kambi ile sitaitaja kwa jina, maana madai yetu ya kurudishiwa fedha hayajaisha. Ni ya mtu binafsi, huko Pennsylvania, ndani kabisa ya barabara ya changarawe. Barabara ni moja. Uliyoingilia ndiyo utakayotokea. Simu hazishiki. Tulifika alasiri, tukasimamisha mahema, akina mama wakabandika pilau. Mnamo saa kumi na mbili jioni pikapu ikapita polepole, ikageuza, ikapita tena. Mara ya tatu ilisimama mbele ya mahema yetu, injini ikinguruma, taa kubwa zimewashwa na jua bado liko juu. Ndani mlikuwa na wanaume watatu. Mmoja akauliza nani ametukodishia. Nikamwonyesha karatasi ya malipo, hakuitazama. Akasema watarudi baadaye, wakaondoka. Nilijaribu simu ya getini kumtafuta mwenye kambi. Haikupokelewa.

Hapo ndipo niliposema tufungashe. Nusu saa baadaye tulikuwa barabarani. Mama mmoja alifunika sufuria ya pilau kwa foili, akaipakata juu ya taulo mpaka kituo cha mafuta cha barabara kuu, tukapakua pale chini ya taa, watoto wakiwa wamekalia masanduku ya barafu. Hakuna aliyelala njaa, na hakuna aliyeumia. Nashangaa kwamba habari hizo mbili hazikuandikwa kwenye grupu.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kwamba wangetaka kutudhuru wangefanya palepale. Wenzangu, mwezi Juni 2020 familia moja ya rangi mchanganyiko kutoka Spokane ilikwenda kupiga kambi karibu na mji wa Forks, jimbo la Washington. Dukani walizongwa na watu waliowatuhumu kuwa ni wanaharakati waliokuja kuleta fujo, kisha magari yakawafuata. Hawakuguswa palepale. Walikwisha kufika kambini waliposikia milio ya risasi na misumeno ya moto, na walipotaka kuondoka wakakuta miti imekatwa na kulazwa barabarani. Waliowafungulia njia ni wanafunzi wa sekondari wa mji huo huo, Mungu awabariki. Sasa niambieni, barabara moja, watoto ndani ya mahema, simu hazishiki: nilipaswa kusubiri nisikie msumeno?

Hoja ya pili imeniuma zaidi. Imesemwa, tena na mtu mzima, kwamba mambo hayo ni ya Wamarekani weusi na historia yao. Sisi ni Watanzania na Wakenya, tuna lafudhi yetu, watu wakitusikia wanatuelewa. Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa Kimarekani, alipokuwa akikimbia mazoezi huko Georgia tarehe 23 Februari 2020, waliomfukuza kwa pikapu hawakusubiri kusikia lafudhi. Alipigwa risasi akafa, na ilichukua zaidi ya miezi miwili kabla yeyote hajakamatwa. Wanaume watatu walitiwa hatiani Novemba 2021. Mtu aliye nyuma ya taa za gari haoni pasipoti yako.

Wapo pia waliosema tungekuwa na bastola tusingeondoka. Hili nimelikataa na nitaendelea kulikataa nikiwa kwenye kiti hiki. Tangu Februari 2010 sheria inaruhusu watu kuwa na silaha hata ndani ya hifadhi za taifa, kwa kufuata sheria za jimbo husika. Maana yake karibu kila mnayekutana naye porini anaweza kuwa nayo. Sisi tukichomoa ya kwetu, polisi akifika gizani atamwona nani kuwa mhalifu? Nawaachia mjibu wenyewe.

Kwa sababu ya hayo, safari ya Oktoba niliihamishia kwenye kambi ya hifadhi, yenye askari wa hifadhi na majirani wa karibu. Nililaumiwa kwamba si pori la kweli. Lakini niliichagua kambi ya Lewis Mountain, humo humo Shenandoah, kwa makusudi, na kumbukumbu za kikao cha Agosti zitaonyesha wazo lilikuwa la nani. Iko karibu na maili ya 57 ya barabara ya Skyline Drive. Ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya watu weusi peke yao, ikiwa na kibao kilichosema hivyo waziwazi, wakati kambi nyingine zilikuwa za wazungu. Ubaguzi huo ulikuja kufutwa kabisa hifadhini mwaka 1950. Mzee wetu mmoja alisimama pale akawasimulia watoto, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna mtoto aliyeshika simu.

Doa lilikuwa moja. Usiku wa pili baridi ilipokaza, wanachama fulani waliingiza jiko la mkaa hemani, wakafunga zipu. Nililitoa mwenyewe. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na mtu hulala asiamke. Tusihofie pikapu tu halafu tujiue kwa jiko letu wenyewe. Wanajijua, na wala hawajanishukuru.

Mahudhurio: safari ya Oktoba walijiandikisha familia 12, zikaja 5. Nyama ilikuwa ya familia 12.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kununua kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, na kushirikiana na vyama vya Wamarekani weusi vinavyopenda pori, kama Outdoor Afro, kilichoanzishwa Oakland na Rue Mapp mwaka 2009. Mazungumzo hayajaanza lakini nia ipo. Pia tunaangalia uwezekano wa kwenda mbali zaidi, pengine West Virginia, hali ikiruhusu.

Kuhusu hoja ya kutokuwa na imani nami, nimeiona kwenye ajenda. Katiba inasema anayepiga kura ni aliyelipa ada. Mweka hazina amekaa karibu na mlango, na anapokea fedha taslimu.

Naomba kuwasilisha.