Malalamiko Kuhusu Safari Yenu ya Siku Moja ya Kaole, Bagamoyo

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita mimi na mama yangu tulipanda basi lenu dogo kutoka Dar es Salaam kwenda Kaole. Nililipa shilingi 160,000 za watu wawili. Tangazo lenu lilisema tutaondoka saa 1 asubuhi, tutakuwa na mwongozaji, na tutakaa kwenye magofu muda usiopungua saa mbili.

Tuliondoka saa 3:20. Tulipofika Mwenge, dereva akasimama kwenye vinyago saa nzima, na hakuna abiria aliyemwomba. Kisha foleni ya Tegeta, ambayo siwadai. Tukala Bagamoyo mjini bila haraka yoyote, na Kaole, ambayo ni kilomita 5 hivi kutoka hapo, tukaingia saa 9 alasiri. Saa 9:25 honi ikaanza kulia.

Pale pana magofu ya misikiti miwili, mmojawapo wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo. Kwenye nguzo hizo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Nilitaka mama aelezwe na mtu anayejua. Mwongozaji wa pale alikuwa tayari kabisa, lakini dereva wenu akamwambia hatuna muda.

Mama ana miaka 71. Alichofuata ni kaburi la Sharifa, ambako watu mpaka leo huenda kuomba dua. Ubani alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga tangu alfajiri. Amerudi nao nyumbani vilevile.

Hata hayo ningeyameza. Kilichonifanya niandike ni vijana wawili wa safari yetu waliopanda juu ya kaburi ili wapigwe picha, na aliyewashikia simu ni dereva wenu. Kipande cha chokaa kikameguka kikaanguka. Nilipomkanya akanijibu, "Haya ni mawe tu, dada, wenyewe walishakufa zamani." Mama hakusema neno. Aliinama, akaokota kile kipande, akakirudisha pale kilipotoka, akakishikilia kwa kiganja kana kwamba kitashika.

Ndugu Meneja, mngempeleka mtu kwenye makaburi ya babu zenu akapande juu? Wale nao ni wazee wa watu, na pwani hii ina wajukuu zao.

Naomba mnirudishie shilingi 80,000, nusu ya nilicholipa. Naomba pia kila safari ya Kaole impe mwongozaji wa pale nafasi ya kufanya kazi yake, na kabla abiria hawajashuka waambiwe wazi kwamba makaburi hayapandwi wala hayakaliwi. Na dereva yule nataka aje amwombe mama radhi yeye mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu.

Risiti ninayo, na picha ya kaburi lile lilivyomeguka ninayo. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Abiria wa viti namba 7 na 8